Jiwe Lisilolia

Jiwe zima la kunolea ukiligonga kwa mpini wa bisibisi hulia. Si mlio mkubwa. Ni kama mtu amegusa bilauri kwa kijiko katika chumba cha pili: tiing, halafu sauti inabaki hewani kidogo kabla ya kwisha. Jiwe lenye ufa halilii. Husema tap, basi, kama vile umegonga tofali bichi. Tofauti hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi na mmoja, kabla sijaweza kujumlisha sehemu darasani, na mpaka leo nikipita Ngarenaro nikasikia mashine ya kunolea ikiwashwa, mwili wangu husogea pembeni wenyewe kabla sijaamua lolote. Ninaotembea nao hudhani nimekwepa pikipiki. Huwa siwasahihishi.

Kaka yangu Loishiye tulimzika miezi minne iliyopita. Alikufa kwa maradhi ya tumbo ambayo hayahusiani na haya ninayoyaandika. Lakini pale makaburini yalisemwa maneno juu yake ambayo yalinikaa kooni na hayajashuka. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Niliishia darasa la saba, nashona nguo Lemara, na kazi yangu ni ya kuinamisha kichwa. Kwa hiyo nimeona niandike, kuanzia likizo moja ya Desemba nilipokuwa darasa la tano, kwa sababu kila kitu kilichosemwa makaburini kilianzia hapo, na kilisemwa vibaya.

Karakana ya baba ilikuwa Ngarenaro, chumba kimoja cha mabati chenye mlango mpana wa mbao unaotazama barabara. Ukiingia, pua yako ilipokewa na makaa, kisha chuma cha moto, kisha mafuta machafu ya gari ambayo baba aliyaweka kwenye debe kwa ajili ya kutumbukizia visu vilivyotoka motoni. Harufu hiyo ilikuwa kwenye shati lake, kwenye blanketi la nyumbani, hata kwenye kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Watu walimwita Fundi Saruni. Alifua mapanga na sime kutokana na springi za malori, alitia majembe mipini, na alinoa mikasi ya kupogolea kahawa iliyoletwa na wakulima wa kule Meru, ambao walikuja asubuhi na mapema wakiwa bado na umande kwenye viatu vya mpira. Katikati ya chumba, juu ya gogo la mzeituni mwitu, ndipo ilipofungwa mashine ya kunolea: mota moja, na jiwe moja kila upande, la kulia la kukwaruza, la kushoto la kumalizia. Ukutani, kwenye msumari ulio juu yake, ilining'inia miwani ya kazi yenye mkanda wa mpira. Baba hakuwahi kuiwasha mashine ile bila kunyoosha mkono kwanza kwenye msumari ule.

Likizo ile mama yetu, tuliyemwita Yeyo, alikuwa Olmotonyi akimuuguza bibi aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Nyumbani mchana hapakuwa na mtu, ndiyo maana baba akaanza kunichukua kwenda naye karakana. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa na jambo langu moja tu kichwani: nimtengenezee Yeyo kisu cha jikoni, akirudi Krismasi akikute mezani. Kisu chake kilikuwa kimeliwa mpaka kikawa chembamba kama jani la mgomba lililochanwa na upepo, na kila akikatia nyama aligombana nacho. Nilimwambia baba siku ya kwanza kabisa. Akasema, "Sawa." Nikadhani sawa maana yake ni leo.

Siku ya kwanza alinipa boksi la tindo, zile patasi za kukatia chuma, akaniambia nitenge zinazofaa na zisizofaa, halafu akaenda zake kwenye moto. Nilizitenga kwa kutu. Zenye kutu huku, zinazong'aa kule. Alikuja, akachanganya lundo lote upya kwa mguu, akasema, "Tena." Hakuniambia nilikosea wapi. Mara ya pili nilizitenga kwa makali. Akachanganya. Mara ya nne ndipo nilipoona kwamba nyingine vichwa vyake vilikuwa vimechanua kama uyoga kwa kupigwa nyundo, na kwenye kingo za uyoga ule palikuwa na vipande vilivyokaribia kumeguka. Nilimwonyesha. Akachukua moja, akaiweka kwenye fuawe, akapiga pigo moja, na kipande kikaruka kikagonga bati la ukuta wa mbali kwa sauti kama ya risasi. "Hicho kingekuwa shingoni mwa nani?" akauliza. Nilikasirika badala ya kuogopa. Nilitaka kisu, yeye ananipa mitihani.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Kuna siku ya nyundo: kuzishika moja moja, kuzitikisa karibu na sikio, kusikia kama kichwa kinacheza kwenye mpini. Kuna siku ya tupa: kila tupa isiyo na mpini itiwe mpini, kwa sababu mkia wa tupa ukiteleza huingia kiganjani. Baba alinionyesha kovu lake mwenyewe, jeupe, katikati kabisa ya kiganja. Kuna siku nzima ya spana, kujifunza tu kwamba spana inayokaribia kutosha haitoshi. Alinikunjia mikono ya sweta mpaka juu ya viwiko. Alinivua kitambaa cha kichwani, kisije kikavutwa na mashine. Mteja yeyote aliyeingia amejifunga shuka ilimpasa aiache kwenye benchi la nje, na wazee wengine walichukia, walisema wanavuliwa nguo na fundi. Mimi nilihesabu siku zilizobaki kufika Krismasi na nikaona kwamba baba yangu alikuwa na mpango wa kunifanya mzee kabla sijashika chuma.

Kitu kimoja tu alichonipa kilichonipendeza kilikuwa mawe. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, baba aliyagonga mawe yake yote mawili, na kila jiwe jipya lililotoka dukani aliligonga kabla ya kulifunga. Alilining'iniza kwenye kidole kimoja kupitia tundu la katikati, akaligonga pembeni kwa mpini wa bisibisi, akaligeuza, akagonga tena. Alinipa nijaribu, kisha akaleta jiwe bovu alilokuwa amelipata sokoni, akanifumba macho kwa kiganja chake chenye harufu ya mafuta, na kugonga moja baada ya jingine. Sikukosea hata mara moja. Alirudia mara nyingi, mpaka akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Masikio yangu yamechoka na nyundo," alisema. "Kuanzia leo wewe ndiye sikio la karakana." Halafu akalichukua lile bovu, akaliweka kizingitini, akalipiga nyundo mpaka likawa vipande. Nikauliza kwa nini asilitupe tu. Akasema jiwe bovu ukiliweka pembeni, iko siku mtu mwenye haraka ataliona. Jiwe bovu huvunjwa palepale, na anayelivunja ni yule yule aliyelisikia.

Sasa niseme juu ya kaka yangu. Loishiye alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa ametahiriwa katikati ya mwaka ule, kule nyumbani Olmotonyi, pamoja na rika lake. Kwetu sisi Waarusha, kijana anayekwenda mbele ya kisu cha jando hatakiwi kupepesa macho. Hapigi kelele, hageuzi uso, hata kidole cha mguu hakitikisiki. Wapo watu wazima ambao kazi yao siku hiyo ni kumtazama usoni tu. Loishiye hakupepesa, na habari hiyo ilimtangulia kila alikokwenda. Alipopona na kunyolewa, akarudi kufanya kazi na baba, lakini hakurudi yule aliyeondoka. Alianza kuiona miwani ya kazi kama aibu. Alisema mbele yangu kwamba mtu aliyesimama mbele ya kisu hawezi kujificha nyuma ya plastiki akinoa jembe la mtu. Baba alikuwa anasimama pembeni kidogo mashine inapoanza, anaiacha izunguke muda wa kutosha ndipo aisogelee, na wenzake Loishiye waliokuja kukaa kwenye benchi la nje walikonyezana. Mmoja wao, Lekishon, kijana mrefu mwenye meno mazuri aliyecheka kwa kila kitu, alimwigiza baba akinyatia mashine kama anayemnyatia kuku.

Baba alimwambia Loishiye mara moja tu, na mimi nilikuwepo nikipanga tupa. "Kisu cha jando kilishikwa na mtu aliyejua jina lako," alisema. "Hii inazungushwa na umeme. Haijui kama wewe ni mwanamume." Loishiye alijibu, "Ndiyo, baba," akaivaa miwani mpaka baba alipotoka nje kununua maji, akaivua.

Wiki moja kabla ya Krismasi baba hatimaye alinifulia kipande cha springi, akaniacha nikikate umbo kwa tupa mwenyewe. Ilinichukua siku tatu na malengelenge manne. Kilibaki kutiwa makali tu. Baba alisema tutakitia makali pamoja atakaporudi kutoka kwa Yeyo, kwa sababu jiwe la kumalizia lilikuwa limekwisha na alikuwa amenunua jipya ambalo bado hajalifunga. Asubuhi ile alipanda Olmotonyi kumpelekea Yeyo unga na dawa za bibi. Alisema atarudi saa tisa. Alimwacha Loishiye na karakana, na Loishiye, dakika chache baada ya baba kuondoka, alikwenda kumfuata Lekishon. Nikabaki mimi, kisu changu kisicho na makali, na boksi la jiwe jipya juu ya rafu.

Sikutaka kulifunga. Nisingeweza hata kufungua nati. Nilitaka tu kuligonga, ili baba akirudi nimwambie tayari, limelia, twende kazi. Nilipanda juu ya kiti, nikavuta boksi, na boksi lilikuwa wazi upande wa chini. Jiwe likatoka, likaanguka kwenye sakafu ya saruji, likabingirika mpaka chini ya jiliwa la kubania chuma na kusimama.

Nililiokota. Niliangalia pande zote mbili, nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Halikuwa na alama yoyote, hata kona haikumeguka. Nililitia kidole, nikagonga.

Tap.

Nikageuza. Tap. Nikagonga kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa ni mkono wangu. Nilijua kinachotakiwa kufanyika. Nyundo ilikuwa pale, kizingiti kilikuwa pale. Lakini lilikuwa jiwe jipya, baba alilitolea jasho, na Krismasi ilikuwa karibu. Nikavunje kitu kizima machoni mwa watu wote, halafu niseme nini? Nililirudisha kwenye boksi. Nikapanda kiti, nikaliweka juu ya rafu palepale, nikasukuma boksi mpaka likawa sawa na lilivyokuwa. Nilijiambia nitamwambia baba saa tisa.

Loishiye na Lekishon walirudi kabla ya saa sita. Lekishon alikuwa na sime mpya kiunoni, alikuwa anakwenda nayo kwenye sherehe jioni ile na alitaka iwe na makali ya kumalizia. Loishiye alikuwa amejifunga lubega, shuka imepita begani na kufungwa kifundo. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akashusha boksi. Nikasema, "Baba amesema lisifungwe mpaka arudi."

"Baba amesema," alirudia Loishiye, akichagua spana. Alichagua vizuri, nakiri, alikuwa fundi. "Umeligonga?"

Lekishon akacheka. "Ero, kumbe mpaka mumuulize huyu? Dada yako ndiye mwenye karakana?"

"Ndiye anayegonga mawe," alisema Loishiye, na niliona amejutia kusema.

"Anagonga mawe! Kama kengele ya kanisa? Basi mwambie jiwe liimbe na pambio, tucheze."

Loishiye naye akacheka, ili asichekwe yeye. Akanigeukia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu kabla ya jando. "Wewe mtoto, nimekuuliza. Limelia au halikulia? Sema upesi, wanaume wana safari."

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudi kwenye siku yangu ya ndoa. Nilikuwa naogopa kusema nimeliangusha, hiyo ni kweli. Lakini kama ingekuwa hofu peke yake ningeweza kujisamehe, kwa sababu mtoto huogopa. Nilikuwa pia na hasira. Nilikuwa nimechoka na mitihani ya baba, nimechoka kuitwa mtoto na mtu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, na nilitaka aache kunitazama vile. Nikasema, "Limelia."

Aliondoa kifuniko cha chuma kinachofunika jiwe, kwa sababu sime ni ndefu na ncha yake ilikuwa inagota. Akalifunga jiwe. Hakuitazama miwani. Alisimama mbele ya jiwe, sawasawa kabisa, miguu imetanuliwa, kama alivyosimama siku ile ya jando, na Lekishon akasimama nyuma ya bega lake kutazama. Akanyoosha mkono kwenye swichi. Na mimi nikasogea. Hili kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilihama pale nilipokuwa nimesimama nikaenda kando ya mlango, nyuma ya nguzo, na nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Mashine ilipanda sauti kama kawaida. Aligusisha sime, cheche zikatoka nzuri, nyembamba. Akaisukuma kidogo. Halafu ukatokea mlio mmoja mfupi, na bati la paa likatoboka, na kitu kikapita karibu na sikio la Lekishon kikavunja chupa kwenye dirisha. Mota iliendelea kuzunguka ikitetemeka juu ya gogo bila jiwe. Loishiye alikuwa amesimama vilevile. Sime bado mkononi. Upande wa kushoto wa uso wake sikuuelewa, kwa sababu haukuwa na umbo nililolijua, na damu ilikuwa inashuka kwenye shuka bila haraka. Hakulia. Hakushika uso. Alisema tu, kwa upole, "Zima." Nikapita chini ya meza nikazima.

Na Lekishon, akiwa ameshikilia mlango, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona kitu kikubwa, "Hakupepesa. Ero, hakupepesa hata kidogo."

Walimpeleka hospitali kwenye pikapu ya mteja. Jicho halikuokolewa. Baba alirudi saa tisa kama alivyosema, akakuta majirani wamejaa mlangoni. Alikwenda hospitali, akakaa huko mpaka siku ya pili, na aliporudi karakana nilikuwa naye. Alipiga magoti sakafuni akaokota vipande vya jiwe, vyote alivyoviona, hata vilivyoingia kwenye makaa, akaviweka mezani na kuvipanga pamoja kama anayetengeneza sahani. Nilimwona anatazama pale lilipokatikia. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa safi, nyeupe. Lakini kwenye ukingo mmoja ulikuwapo mstari mfupi wenye vumbi la saruji ndani yake, vumbi la sakafu yetu. Alipitisha ukucha kwenye mstari ule. Akanyanyua macho akanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akavikusanya vipande vyote kwenye boksi, akatoka navyo.

Hakusema siku ile, wala hakusema mpaka alipokufa. Alichofanya ni hiki: mashine ilipotiwa mawe mapya, aliyagonga mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono nimeshaunyoosha. Aligonga, akayasogeza karibu na sikio lake lililochoka, akagonga tena, akakunja uso akijaribu kusikia. Hakunipa. Hakuniita tena sikio la karakana, na likizo zilizofuata nilibaki nyumbani. Kisu cha Yeyo alikitia makali yeye, akampa siku ya Krismasi, akamwambia kimetengenezwa na Nashipai, yaani mimi. Yeyo alikitumia miaka yote. Sikuweza kukitumia mimi.

Lawama ilikwenda kwa muuza duka. Loishiye mwenyewe ndiye aliyeipeleka huko: alisema jiwe lilikuwa zima, liligongwa likalia, kwa hiyo walimuuzia kitu kibovu kutoka kiwandani. Baba aliacha kununua pale bila kueleza. Mafundi wengine wakafuata. Mzee yule mwenye duka aliwahi kunisimamisha njiani, nikamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, binti yangu," akaniuliza amemkosea baba nini. Nilimwambia sijui. Huo ni uongo wangu wa pili, na huo hata Lekishon hakuwepo wa kusingizia.

Loishiye akarithi karakana. Alikuwa fundi mzuri wa jicho moja, ingawa alijipiga nyundo vidoleni kwa sababu umbali ulimdanganya. Nilimpelekea miwani, si mara moja. Alikuwa ananicheka. "Nashi, nilinde nini? Limebaki moja, hili Mungu analilinda mwenyewe." Mara kadhaa nilifungua mdomo. Nilikuwa nasema moyoni, leo, baada ya chai. Chai iliisha. Hata kitandani, wiki zake za mwisho, nilikaa naye, nikamkanda miguu, na mdomo wangu ulijua kusema kila kitu isipokuwa hicho. Kisha makaburini akasimama Lekishon, sasa mzee mwenye tumbo na meno machache, akawasimulia watu jinsi jiwe lilivyopasuka usoni mwa rafiki yake na jinsi ambavyo hakupepesa hata kidogo. Watu wakaguna kwa sifa. Vijana walikuwa wanasikiliza. Na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikatafuna ncha ya kitenge changu. Nilitaka kupiga kelele kwamba laiti angepepesa! Angegeuka, angevaa, angerudi nyuma hatua mbili, na leo tungekuwa tunazika mtu mwenye macho mawili.

Sasa karakana ni ya mwanawe, Elisha, mwenye miaka ishirini na sita na mkono wa babu yake. Mashine ni mpya. Kifuniko kimefunguliwa na kuwekwa chini ya meza, kama ilivyo kwenye kila karakana niliyoichungulia mtaa ule. Miwani niliyompelekea baada ya msiba inaning'inia kwenye msumari uleule. Ina vumbi. Kila Jumamosi naenda, kila Jumamosi naisema, naye ananiitikia kwa adabu zote, "Ndiyo, shangazi," kama baba yake alivyomwitikia babu yake.

Jumamosi iliyopita nilimkuta anafungua jiwe jipya lililoletwa na bodaboda kwenye mfuko wa salfeti, limepigwapigwa njia nzima. Nikaliomba. Nikalitia kidole, nikachukua bisibisi mezani. Sikuwa nimegonga jiwe tangu utotoni.

Tap.

"Halifai," nikasema.

"Nitalitumia leo tu, shangazi. Mteja huyu hapa amekaa tangu asubuhi."

Mteja, kijana mwenye panga mapajani, akaniambia kwa upole, "Mama, mawe haya yote ndivyo yalivyo."

Sijui ni neno gani lililonishinda. Nilisema pale pale, mteja akisikia, mpita njia akisikia. Nikasema baba yako aliniuliza kama limelia, nikamwambia limelia, na halikuwa limelia. Nikasema nililiangusha mwenyewe. Nikasema nilisogea nyuma ya nguzo. Kisha nikabeba jiwe mpaka kizingitini, nikachukua nyundo, baada ya kuitikisa kwanza kuona kama kichwa kinacheza, na nikalipiga mpaka likawa vipande.

Elisha alisimama. Niliona amekasirika, na ana haki, lilikuwa jiwe lake. Alichukua ufagio akafagia vipande polepole, zaidi ya ilivyohitajika. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Baba alikuwa hawezi. Kugonga. Alikuwa ananiita mimi nisikilize, nami nasikia yote sawa tu. Anasema mwenye sikio katika ukoo huu ni Nashipai peke yake."

"Alisema lini?"

"Siku zote."

Basi siku ile Loishiye hakuniuliza kunidhihaki. Aliuliza kwa sababu alikuwa hajui, na ukweli alikuwa nao mtu mmoja tu mle ndani. Nilitoka nikakaa kidogo kwenye benchi la nje.

Elisha akalirudisha jiwe la zamani, lililochakaa. Akanipa niligonge kabla ya kulifunga, nikaligonga, likalia. Akainama chini ya meza akavuta kifuniko, akakitazama, akakiacha. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akachukua miwani, akaifuta vumbi kwa shati, akaivaa kwenye paji la uso, na pale ikabaki. Mkono wake ukaenda kwenye swichi.

"Elisha," nikasema.

Safari hii sikwenda nyuma ya nguzo. Nilisimama kando yake, bega kwa bega, nikaufunika mkono wake kwa wangu juu ya swichi, na nikasubiri aishushe miwani machoni.